Siku Moja Maishani Mwangu: Kufundisha Kujinasua Roba Mjini Mombasa

Saa 11 alfajiri, baada ya swala, ninafungua ukumbi tuliokodi Tononoka na kuosha mikeka ya mazoezi kwa maji na dawa, kwa sababu choa huenea upesi pale ngozi za watu wengi zinaposuguana mahali pamoja. Majirani kadhaa wanaamini kwamba ninawanoa majambazi. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya siku yangu ninaitumia kukabwa shingo, ili mtu mwingine ajifunze kujinasua na kwenda zake salama.

Saa 12 na nusu huja wafanyakazi wa bandarini wanaotoka zamu ya usiku, nao huondoka kabla ya saa 2. Asubuhi iliyobaki hupita katika simu, risiti na kumsubiri fundi wa feni ambaye hakutokea.

Saa 9 alasiri, joto likiwa limejaa ukumbini, aliingia bawabu wa klabu moja ya usiku, mtu wa miraba minne, aliyelipia somo la peke yake. Nilimpiga roba ya ubavuni, kichwa chake kikiwa chini ya kwapa langu, nikamwomba asubiri maelekezo. Hakusubiri. Alikivuta kichwa nyuma kwa nguvu zake zote, na kadiri alivyovuta ndivyo mfupa wa mkono wangu ulivyopanda na kumbana taya na koo, hadi akagonga mkeka nikamwachia.

"Mwalimu, mara hii nitachomoka tu," alisema, akarudia kosa lilelile, kisha akalirudia tena.

Nilimweleza kwamba kichwa ndicho kitu cha mwisho kutoka. Kwanza mtu anakaza kidevu kifuani na kuugeuza uso kuelekea mbavu za mshambuliaji, ili koo lisibanwe. Mkono mmoja unaukamata mkono wa adui ulio huru, kwa kuwa huo ndio utakaompiga ngumi usoni, na mwingine unazunguka mgongoni na kumshika kiunoni upande wa pili. Magoti yanakunjwa, mgongo unanyooshwa, pumzi inarudi. Hapo ndipo mguu ulio karibu naye unapopitishwa nyuma ya miguu yake yote miwili, mtu anakaa chini kwa makalio, na mshambuliaji anapinduka naye. Wakifika chini, kigasha kinasukuma taya la adui mpaka mshiko ulegee.

Alilalamika kwamba ni hatua nyingi mno, naye hana muda wa kuzikumbuka mlevi anapomrukia mlangoni. Hoja yake niliiheshimu, lakini jibu lake ni kurudia polepole, si kuongeza nguvu. Nilimtahadharisha pia kwamba mishipa mikubwa ya damu ikibanwa pande zote mbili za shingo, mtu anaweza kuzimia kwa takriban sekunde 10, hata chini ya hapo. Kwa hiyo anayegonga mkeka aachiwe papo hapo, na bawabu asimbane mteja shingo kwa kuona kwamba ni njia nyepesi ya kumtuliza.

Tukaendelea. Shati langu lilikuwa limelowa, misuli ya shingo imekakamaa, naye bado akiisahau ngumi ya mkono ulio huru. Adhana ya Magharibi ilitukuta tukiwa chini, katika mshiko ambao wanajudo, wafuasi wa Kano Jigoro aliyeasisi Kodokan, shule ya judo, mjini Tokyo mwaka 1882, wanauita kesa-gatame: mkabaji anakaa ubavuni mwa aliyelala na kukikumbatia kichwa chake. Hapo kosa kubwa ni kulala chali. Nilimtaka alale ubavu, arudishe kiwiko chake sakafuni na kusogeza nyonga, na kwa mara ya kwanza alivuta pumzi kabla ya kusukuma. Kiwiko kikapita, nyonga zikafuata, akajikuta yuko mgongoni kwangu bila kutumia hata nusu ya nguvu zake.

Darasa la akina mama lilikuwa limeanza kukusanyika mlangoni. Alinishukuru kwa heshima, akaomba tufanye upande wa pili kabla hajaondoka, maana mlangoni kwake hachagui mkono utakaomkaba. Nilifurahi kusikia ombi hilo kuliko malipo yenyewe, nikamwambia arudi Alhamisi, na aje na mwenzake anayetumia mkono wa kushoto.