Gala ya kuchangia tiba ya uraibu: viti 168 vya kwanza ni vya hoteli

Bei ambayo hoteli ya Nairobi hukutajia kwa simu sio utakayolipa. Ukiambiwa sahani, yaani chakula cha mgeni mmoja, ni shilingi 6,500, uliza kama VAT ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2 zimo ndani. Kama hazimo, sahani ni 7,670. Wageni 250, meza 25 za watu kumi kumi, wanafikisha 1,917,500. Ongeza vipaza sauti, mapambo, MC na uchapishaji, tuseme 600,000, na unafika 2,517,500. Tikiti ikiuzwa 15,000, viti 168 vya kwanza vinalipia jioni yenyewe. Mgonjwa anaanza kuonja kwenye kiti cha 169.

Hizo ni namba za mfano, lakini weka zako mahali pake kabla ya kuchapisha kadi hata moja. Ukiona faida inaanzia ng'ambo ya nusu ya ukumbi, kama hapa, tafuta kwanza mdhamini wa chakula, au hamia ukumbi wa kanisa na upike pilau. Tena hoteli nyingi hutaka idadi ya mwisho saa 72 kabla, na utalipia idadi hiyo hata viti vikibaki vitupu. Kwa hiyo thibitisha wageni waliokwisha kulipa. Walioitikia "tutakuja" usiwahesabu.

Tarehe nayo ina mitego. Wengi hukimbilia 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, wakisahau kwamba Kenya hiyo ni sikukuu ya taifa na wenye pesa wameshatoka jijini. Wengine huchagua 26 Juni, siku ya kimataifa ya kupambana na dawa za kulevya. Lakini tangu 2024 tarehe 25 Juni imekuwa siku ya maandamano, na hoteli ya katikati ya jiji inaweza kujikuta nyuma ya vizuizi vya polisi. Alhamisi ya katikati ya mwezi, wiki moja kando ya siku hizo, inatosha kabisa.

Pombe isiwepo, na hilo halihitaji kikao. Kinachohitaji kikao ni hoteli, kwa sababu faida yake kubwa hutoka baa. Ukiifunga, meneja atataka kupandisha bei ya sahani, kwa hiyo sema mapema, wakati bado mnabishania ukumbi. Kisha shuka jikoni. Mchuzi wa nyama huongezwa mvinyo, keki hulowekwa ramu, tiramisu ina kileo, na matone ya Angostura yanayotiwa kwenye vinywaji "visivyo na kileo" yana takriban asilimia 44 ya pombe. Menyu ikiandika "dawa", fafanua: Nairobi kuna dawa ya moto ya tangawizi, limau na asali, na kuna dawa ya vodka. Mtu aliyeacha pombe mwaka mzima hastahili kugundua tofauti akiwa amekwisha kumeza. Omba pia glasi za mvinyo ziondolewe mezani, maana wahudumu huzipanga kwa mazoea.

Udhamini wa kampuni za bia na za kubashiri matokeo ya mechi ukataliwe vilevile. Na bahati nasibu ya kuchangamsha ukumbi? Kisheria ni kamari inayohitaji leseni, na kuna wageni ambao uraibu wao ndio huo. Mnada wa picha za kuchora unachangamsha vya kutosha.

Mtu anayetoa ushuhuda ndiye hugusa mifuko, na ndiye anayeweza kuumizwa zaidi. Usimsimamishe aliye katika miezi ya kwanza ya kupona. Mwaka mmoja uwe kima cha chini. Asaini ridhaa ya maandishi inayosema picha itatumika wapi na kwa muda gani, na awe huru kujiondoa hata dakika tano kabla, bila kuulizwa maswali. Dakika saba zinatosha. Asieleze alivyokuwa akitumia wala kiasi gani, maana maelezo hayo huamsha hamu kwa wasikilizaji waliopona. Picha za wodini achana nazo: Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha tu picha ya mteja bila idhini.

MC apewe orodha ya maneno ya kuepuka: chizi, teja, mwendawazimu. Na utani wa "huyu apelekwe Mathari". Hospitali hiyo ya magonjwa ya akili imehudumu tangu 1910, na huenda wauguzi wake wako meza ya nne. Tenga chumba kitulivu chenye mshauri nasaha, kwani kila jioni ya namna hii kuna mzazi anayevizia mapumziko aulize kuhusu mwanawe. Namba 1192, ya bure ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, iwe nyuma ya kila menyu.

Ombi la mchango litolewe kati ya chakula kikuu na kitindamlo, yapata saa mbili na dakika arobaini. Ikifika saa tatu na nusu, wanaorudi Ruiru na Kitengela wanatafuta funguo za gari. Paybill, namba ya M-Pesa ya kupokelea malipo, iwe ya shirika, kamwe isiwe simu ya mweka hazina, na mgeni aandike namba ya meza kwenye sehemu ya akaunti ili ujue wa kumfuata. Jaribu mtandao ndani ya ukumbi siku moja kabla. Kumbi za chini ya ardhi humeza ishara. M-Pesa haipitishi zaidi ya 250,000 kwa mara moja, na hundi ya zaidi ya milioni 1 haipokelewi kwenye mfumo wa benki, kwa hiyo mtoaji mkubwa apewe fomu ya RTGS, ya kuhamisha pesa nyingi benki kwa benki, palepale. (Ile hundi ya kadibodi ni ya wapiga picha.) Makampuni yataomba cheti cha msamaha wa kodi cha KRA, mamlaka ya mapato, wapate kuondoa mchango kwenye mapato yanayotozwa.

Kadi ya ahadi iwe na tarehe ya kulipa na saini. Mheshimiwa atatangaza kiasi kikubwa, apigiwe makofi, aondoke na msafara wake. Mpigie msaidizi wake ndani ya saa 48, makofi yangali masikioni.

Kadi iuze vitu vinavyoonekana: siku 7 za kuondoa sumu mwilini, siku 90 za kituo cha tiba ya uraibu, mwaka wa ufuatiliaji. Bei zitoke kwenye bili halisi, na malipo yaende kwa kituo moja kwa moja. Watoaji hupenda vitanda. Kinachokatika ni nauli. Methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, kwa kawaida hunywewa kliniki kila siku mbele ya mhudumu. Ngara na Mathari hutoa huduma hiyo. Mgonjwa akikosa siku tatu mfululizo, kipimo hushushwa, kwa kuwa mwili umepoteza uzoevu na kile cha zamani kinaweza kumuua. Matatu ya shilingi 100 kwa siku ni 36,500 kwa mwaka, kwa watu kumi 365,000. Fungu hilo likikauka Machi, usingoje gala ya Oktoba: fungua kadi za ahadi ambazo hazijalipwa, uanze na ya Mheshimiwa.