Kumbukumbu ya kipupwe: miezi mitatu ya kupunguza uzito Tabora

Juni 3

Leo nimepima uzito katika zahanati iliyo jirani na kibanda changu cha ushonaji, na mizani imesoma kilo 86.4. Nikigawanya uzito huo kwa urefu wangu wa mita 1.62 mara mbili, ninapata karibu 33, na mtu mzima akishafika 30 huhesabiwa kuwa na unene uliopitiliza. Kiuno nimejipima mwenyewe kwa futi ileile ninayowapimia wateja, nikapata sentimita 104. Nimeandika tarakimu hizi kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la oda, kwa sababu daftari hilo silikosi siku hata moja.

Ninaanza katika wakati ambao kila mwaka hunishinda. Tabora iko kwenye uwanda wa juu, takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti kipupwe hutushika barabara: mchana jua huwaka bila wingu, lakini asubuhi upepo hukatiza hadi ndani ya sweta. Wakati huohuo mavuno yameingia, karanga ni nyingi, michembe mipya, yaani vipande vya viazi vitamu, inaanikwa, na kazi yangu ni ya kuketi kwenye cherehani tangu asubuhi hadi jioni. Mwaka jana nilianza kutembea mwezi Machi nikiwa na ari kubwa, lakini Juni ilipoingia niliacha, na kilo zote nilizopunguza zilirudi kabla ya Oktoba.

Juni 17

Wiki mbili zimepita na nimetoka mara tatu tu. Nilijipangia kuamka saa 11:00 alfajiri, nitembee saa nzima, kisha nifungue kibanda. Kila kengele ya simu ilipolia nilisikiliza upepo ukigonga bati, nikajifunika upya, halafu nikashinda siku nzima nikijilaumu. Nilidhani kinachokosekana ni nia.

Jana nililitafakari jambo hili kwa utulivu. Saa ya nchi yetu ni moja, lakini jua halitufikii sote kwa pamoja, na sisi wa magharibi hulipata karibu nusu saa baada ya watu wa Dar es Salaam. Katika majira haya jua la Tabora huchomoza karibu saa 1:00 asubuhi. Kwa hiyo nilikuwa ninajitaka nitoke peke yangu, mwanamke, gizani, katika saa ya baridi kali kuliko zote, na kisha kuuita woga huo uvivu. Kile ambacho saa ya nchi inatunyima asubuhi hutulipa jioni, kwa kuwa jua huzama saa 12:50 hivi, na ardhi huwa bado ina joto la mchana. Kuanzia leo nitafunga cherehani saa 11:15 jioni na kutembea hadi saa 12:30.

Juni 29

Jioni tisa kati ya kumi na mbili. Viatu vya raba na sweta sasa vinakaa chini ya meza ya cherehani, na nimejiwekea sharti moja: nisipitie nyumbani kwanza, kwa maana nikishaingia jikoni na kukaa kwenye kigoda karibu na jiko la mkaa, siku hiyo imekwisha. Sharti la pili ni la dakika kumi. Nikishatembea dakika kumi nina ruhusa ya kurudi bila kujilaumu, na mpaka leo nimeitumia ruhusa hiyo mara moja tu, kwa kuwa baada ya dakika hizo mwili huwa umekwisha kupata moto na baridi haisumbui tena. Ile hamu niliyokuwa ninaisubiri kitandani hunijia njiani, nikiwa tayari ninatembea.

Nimejifunza pia kuanza kwa kuukabili upepo na kurudi nikiwa nimeupa mgongo. Siku za kwanza nilifanya kinyume, nikawa ninarudi nimeloa jasho huku vumbi na baridi vikinipiga kifuani.

Julai 8

Kilo 85.1. Mwendo ninaoufuata ni ule ambao mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwa mtu mzima angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mimi wiki iliyopita nilifikisha 280.

Jirani yangu, muuguzi mstaafu anayenizidi umri kwa miaka zaidi ya ishirini, sasa tunatoka pamoja hadi kwenye miembe mikubwa ya barabarani, kisha yeye hurudi taratibu na mimi huendelea. Akipita kibandani saa 11:10 na kuniita, siwezi kumwambia mtu mzima kwamba ninaona baridi.

Julai 15

Wiki nzima nilikuwa na mafua na kifua, sikutoka hata mara moja. Uzito haukupanda.

Julai 24

Jambo la leo ninaliandika kwa urefu kwa sababu limeniuma. Uzito ulikuwa umesimama kwenye kilo 84.9 kwa siku kumi na sita, ingawa nilikwisha kurudi barabarani. Nilimweleza yule mama jirani, muuguzi mstaafu, naye akaniuliza ninakunywa nini. Nikamjibu kwa fahari kwamba nimeacha sukari kabisa, na kwamba chai yangu sasa ninatia asali tu, asali safi ya nyuki wa miombo ya hapa kwetu.

"Mwanangu," akasema, "asali ni dawa ya koo, lakini tumboni ni sukari. Unatia kiasi gani?"

Nilikuwa ninatia kijiko kikubwa kimoja kwa kila kikombe, na baridi ilikuwa imenifikisha vikombe vinne kwa siku. Usiku niliketi na daftari. Kijiko kikubwa cha asali kina takriban kalori 64, hivyo vikombe vinne vinanipa 256. Zamani nilitia vijiko vitatu vidogo vya sukari kwa kikombe, na kila kijiko kina gramu 4, yaani kalori 16, kwa hiyo vikombe vinne vilinipa 192. Nilikuwa nimeongeza, si kupunguza, huku nikiamini kwamba ninajitunza. Sisi watu wa Tabora tumelelewa kuiheshimu asali, na ninaiheshimu bado, lakini heshima hiyo ilinizuia kuipima. Sasa ninakunywa chai ya tangawizi isiyotiwa kitu, na asali ni kijiko kidogo kimoja, kikombe cha asubuhi pekee. Karanga nazo ninazipima kwa kiganja kimoja, kwa kuwa gramu 30 tu zina kalori zipatazo 170.

Agosti 11

Kilo 83.2, kiuno sentimita 99. Jumapili nilitembea na binti yangu hadi Kwihara, kijiji cha jirani, kwenye tembe alimokaa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti. Nilimweleza binti yangu kwamba mwaka 1872 mzee yule alisubiri wapagazi hapa tangu Machi hadi Agosti, kipupwe kizima, kisha akaondoka kwa miguu akiwa mgonjwa. Kurudi tulichukua bodaboda, kwa kuwa kisigino changu kilikuwa kimechubuka.

Agosti 30

Kilo 81.8, kiuno sentimita 97. Kati ya jioni 75 tangu nilipobadili saa, nimetoka 58. Bado niko juu ya 31 kwa ile hesabu ya urefu, na safari ya kushuka chini ya 30 inanitaka nipunguze zaidi ya kilo tatu nyingine. Upepo umeanza kutulia, miembe imechanua, na mwezi ujao jua la jioni litakuwa kali, kwa hiyo saa ya kutembea itabidi niitazame upya. Mwishoni mwa Oktoba, jua litakapokuwa linachomoza karibu saa 12:25, nitaijaribu asubuhi kwa mara nyingine.

Leo mchana, kabla mteja wa kwanza hajafika, nilifumua mshono wa kiuno wa sketi yangu ya kazi na kuipunguza sentimita 6.