Nilivyofanikiwa Kuona Rangi Mbili za Majani Kando ya Ziwa Superior

Barabara namba 61 ya jimbo la Minnesota, Marekani, hutoka Duluth na kufuata ufuko wa Ziwa Superior kwa takriban kilomita 240 hadi mpaka wa Kanada. Mwenye haraka huimaliza kwa saa chache. Mimi nilikwenda kutazama majani ya miti yanavyobadilika rangi kabla ya kupukutika, na katika maandalizi yangu hakuna kilichonishughulisha kuliko kuchagua wiki ya kusafiri.

Ufuko huo una misimu miwili ya rangi. Juu vilimani, miti ya mepo huwa myekundu na ya rangi ya chungwa mwishoni mwa Septemba. Chini karibu na maji, mibetula yenye magome meupe hukawia hadi Oktoba ndipo iwe ya manjano, kwa sababu ziwa lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 82,000 na kina kinachofikia mita 406 hupoa polepole, na ardhi iliyo jirani nalo hufaidi joto hilo. Kwa kufuatilia taarifa za idara ya maliasili ya jimbo, ambayo hutangaza hali ya majani katika hifadhi zake, niliamua kuondoka Septemba ilipokuwa ikiisha, kabla mepo hazijapukutika na mibetula ikiwa imeanza kugeuka.

Niliondoka Duluth mapema. Ufuko unaelekea kusini-mashariki, hivyo jua la asubuhi hutokea upande wa ziwa na kuangaza vilima moja kwa moja. Tena, kwa kuwa Marekani magari hupita kulia, anayekwenda kaskazini huwa na ziwa upande wake, na huingia kwenye maegesho ya kutazamia mandhari bila kukatiza magari yanayokuja. Nilisimama kwenye maporomoko ya Gooseberry, kisha kwenye mnara wa taa wa Split Rock, uliowashwa mwaka 1910 kufuatia dhoruba ya Novemba 1905 iliyoharibu meli nyingi. Kwa maoni yangu mnara huo hupendeza zaidi ukitazamwa kutoka ufukoni chini yake, ingawa wageni wengi huishia juu.

Kilichonifikisha kwenye nilichokitaka, hata hivyo, ni kuiacha barabara kuu. Baada ya mji mdogo wa Tofte nilipanda kwa barabara ya changarawe hadi mlima Oberg, nikauzunguka kwa miguu kwa njia fupi isiyochosha sana. Upande mmoja ziwa dogo la Oberg limezungukwa na wekundu wa mepo. Upande wa pili msitu unateremka, ukichanganyika na manjano, hadi Superior. Maegesho yake hujaa haraka mwishoni mwa juma, kwa hiyo ni afadhali kwenda siku ya kazi.

Kisha niliendelea hadi mji wa Grand Marais, na kutoka huko nilirudi kwa barabara ile ile. Alasiri vilima hukinga jua mapema na ufuko huingia kivulini, hivyo sikuhangaika tena na picha, bali niliendesha polepole kwa sababu ya kulungu, ambao hupenda kuvuka barabara giza linapoingia.