Nukta za Sigi zimekubali

Hatimaye! Rekodi za "Sigi", jina la mahali kwenye lebo za zamani, zilizonisumbua tangu nianze kuwapanga vyura wa Usambara Mashariki kwenye ramani, zimekaa sawa. Naandika leo leo, kichwa kikiwa bado cha moto.

Mnaoufuatilia mradi mnajua kazi yenyewe: nachukua data za vielelezo vya zamani, yaani wanyama waliokusanywa na kuhifadhiwa katika makumbusho za Ulaya na Marekani, nyingi zinapatikana bure kupitia GBIF, hazina ya kimataifa ya data za viumbe mtandaoni, kisha nazitafutia koordineti pale ambapo lebo ina jina la mahali tu. Amani haikunipa tabu. Taasisi ya Wajerumani ya utafiti wa kilimo, ya mwaka 1902, inajulikana ilipo, na lebo kadhaa zina mwinuko wa futi 3,000, yaani mita 900 na ushei. Magrotto ni Magoroto ya Muheza, basi. Sigi ndiyo iliyonitoa jasho.

Zigi, kama tunavyoiandika siku hizi, ni mto mzima. Unateremka kutoka misitu ya milimani mpaka tambarare, ukaingia Bahari ya Hindi karibu na Tanga. Sasa mbele yangu nina picha ya lebo iliyofungwa kwa uzi kwenye mguu wa chura: "Sigi" kwa wino uliofifia, tarehe, namba ya mkusanyaji, kwisha. Mwinuko hakuna. Kifaa kimoja cha mtandaoni cha kukisia mahali kilikuwa kinaitupa nukta huko chini kabisa, kwenye mkonge. Chura wa msitu mbichi akafanye nini kwenye mkonge? Nikiisogeza nukta kwa mkono, nikifungua tena, imerudi kulekule. Nilikichukia kifaa kile, na bado nakichukia.

Kuna makosa mengine ambayo hata hayaumizi kichwa. Rekodi ikikosa alama ya kutoa mbele ya latitudo, ile inayoonyesha kusini mwa ikweta, chura wa Amani anatokea Borana, kusini mwa Ethiopia. Hilo unaliona kwa macho, unarekebisha, unaendelea. La hatari ni kosa linalofanana na ukweli. Kutoka steshen ya zamani ya reli ya Zigi, mita 450 hivi, mpaka Amani ni mwendo mfupi sana kwenye ramani, lakini umepanda mara mbili ya mwinuko, na wanyama wanaoishi juu si wale wa chini. Nukta ikiteleza kilomita chache, spishi ya juu inapewa makazi ya bondeni isiyoyajua, na mtu wa uhifadhi anaisoma ramani hiyo akidhani chura bado ana nafasi tele.

Kilichofungua njia ni kuachana na jina na kumfuata mtu. Nilizichanganya rekodi zote, vyura, mijusi, nyoka, hata ndege, nikazipanga kwa mkusanyaji na tarehe. Ghafla safari ikajichora: Amani, Amani, Sigi, Tanga. Nikakumbuka reli ndogo ya Wajerumani iliyotoka Tengeni na kuishia Sigi. Anayekwenda Amani alishukia hapo, akapanda mlima. Jengo la steshen bado lipo, ndiko wageni wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani wanakopatia maelezo. Nikampigia mzee mmoja wa Muheza aliyefanya kazi kwenye chai miaka mingi. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamuuliza, zamani mtu akisema yuko Sigi, yuko wapi?

"Steshen, mwanangu. Mtoni ungesema mtoni."

Neno la mzee mmoja si ushahidi wa lebo ya Mjerumani, najua. Ila limekutana na tarehe, limekutana na reli, na spishi zilizoandikwa Sigi zinalingana na mwinuko ule. Kwangu inatosha.

Halafu QGIS, programu ya bure ya kuchora ramani. Sitaki kusikia tena habari za duara la kutokuwa na uhakika, lile linalozungushiwa nukta kuonyesha inaweza kuwa imekosea umbali gani, katika nchi ya milima. Duara la kilomita 3 kuzunguka steshen linabeba bonde, kilele na shamba la watu kwa pamoja. Nilichofanya: nimeshusha data za mwinuko za SRTM, zilizopimwa kutoka angani, nikachora kontua, mistari ya mwinuko sawa, nikakata eneo la kati ya mita 300 na 600 lililo karibu na steshen, nikabaki na umbo refu jembamba linalofuata bonde. Ni bure na kompyuta yangu ya zamani inaiweza. Uzuri ulioje kuliona umbo lile likikaa juu ya msitu!

Ilikuwa nihamie milima ya Uluguru, kwenye lebo za Bagilo na Nyange. Nimeahirisha, kwa sababu ya chura mmoja.

Parhoplophryne usambarica alielezwa kisayansi na wataalamu wa wanyama Barbour na Loveridge mwaka 1928 kutokana na kielelezo kimoja tu, kilichokusanywa Amani mwaka 1926. Mmoja! Ndiye yeye tu kwenye data zangu zote, nukta moja peke yake, na kila nikiikuza ramani jicho linakwenda hapo. Tabia zake hazijulikani. Lakini ndugu zake wa jenasi Hoplophryne, waliopo Usambara hapohapo na Uluguru, huzaliana kwenye maji kidogo yanayokaa ndani ya mianzi iliyovunjika na kwenye makwapa ya majani ya migomba. Kama naye alikuwa hivyo, basi kumtafuta kwenye vijito ni kupoteza usiku. Nataka kuchora mianzi na migomba yote ndani ya umbo la Amani la mita 800 mpaka 1,000, niweke juu yake njia walizopita watafiti wa karibuni, nione palipobaki bila kuchunguzwa.

Derema nayo inangoja. Pale kuna shamba la chai na kuna msitu, majina ni mamoja, na nukta ikiangukia kwenye chai inamaanisha kitu kingine kabisa kwa chura anayehitaji majani makavu na kivuli. Mwenye ramani ya zamani inayoonyesha mpaka wa shamba la Derema enzi za Mjerumani, hata picha ya simu, tafadhali anitumie. Umbo la Sigi nimeshaliweka kwenye folda ya mradi pamoja na maelezo ya jinsi nilivyolikata.