Sanduku la Baruti

Kikundi chetu cha maigizo pale Tabora hakikuwa na stoo wala fedha. Tulikuwa na viti vya kukunja, karabai mbovu, meza ya mninga ya kuazima kwa bibi mmoja jirani, na sanduku la mbao lenye vishikio vya kamba. Mchezo ukibadilika, vitu ni vilevile.

Tulianza na mchezo wa Mtemi Isike wa Unyanyembe. Januari 1893, Wajerumani wa Tom von Prince walipoivamia ngome yake, Isike alijilipua kwa baruti wasimpate akiwa hai. Sanduku letu ndilo lilikuwa la baruti. Tulilipaka masizi na uji wa muhogo, likatisha kwelikweli.

Mchezo uliofuata ulikuwa wa mkutano wa TANU wa Januari 1958, uliofanyika hapahapa Tabora. Wajumbe walibishania kura tatu, yaani kila mpiga kura achague Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Nyerere alishawishi chama kiingie hivyohivyo kwenye uchaguzi. Zuberi Mtemvu alikataa, akaenda kuanzisha chama chake.

Meza ya ofisa wa Kijerumani ikawa ya mwenyekiti. Bibi alikuwa ametuonya, "Wajukuu zangu, msinipigie msumari hata mmoja," kwa hiyo kitambaa tulikifunga kwa chini na vipande vya tyubu ya baiskeli. Sanduku tulilisugua kwa msasa, tukalipaka dawa ya viatu ya kahawia, na kamba tukazibadilisha kwa ngozi ya mkanda chakavu. Likawa la mafaili ya chama. Kwa macho yangu, lilikuwa limebadilika kabisa.

Siku ya onyesho, katibu akainama kulifungua. Sauti ikatoka nyuma: "Katibu, taratibu! Usije ukatulipua!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Katibu hakutabasamu. Alitoa faili, akalipangusa, akasema, "Baruti iliisha na Isike, mzee wangu. Humu zimebaki hoja." Makofi yalipigwa mpaka mwenyekiti akagonga meza.

Mwongozaji alinuna, akataka tutafute sanduku jingine. Mimi nilipinga: heri sanduku litambulike kuliko kiti cha plastiki kionekane mkutanoni mwaka 1958. Mchezo wa tatu, wa stesheni ya reli, tuliliwekea mto likawa kiti cha abiria. Aliyelikalia alishangiliwa kabla hajafungua mdomo.