Kutoka Gymkhana hadi Mlimani

Nilishuka Posta saa mbili asubuhi, Jumamosi, shati limeshaloa jasho la daladala la Mbagala, nikatembea kwa mguu hadi Gymkhana, klabu ya michezo. Nafundisha historia sekondari, na likizo nzima nilikuwa nikisoma habari za mwalimu mwenzangu, C.L.R. James, mwandishi na mwanahistoria mweusi, mzaliwa wa kisiwa cha Trinidad, Karibi, wa mwaka 1901. Kriketi imejaa kila mahali katika maisha yake, nami ni mtoto wa kabumbu. Nikaona nikaitazame kwanza.

Nilisimama nje ya uzio. Kijana mmoja anakimbia, anarusha, mwenzake anaugonga mpira kwa kibao, wengine wanaukimbiza majanini. Nusu saa nzima sikujua nani anaongoza. Muuza kahawa aliyekuwa anapita akanicheka: "Mzee, huu mchezo wa watu wasio na haraka."

James naye alianzia nje. Utotoni kule Tunapuna alikuwa akipanda kiti na kutazama mechi kupitia dirisha la nyumbani. Alipokua akafundisha Queen's Royal College, ambako Eric Williams, waziri mkuu wa kwanza wa Trinidad na Tobago, alipita mikononi mwake. Baada ya kazi alicheza. Lakini klabu za kisiwa kile zilikuwa na rangi: Shannon ya weusi wa kipato cha kawaida, Maple ya machotara wenye nafasi. James, mweusi, alikaribishwa Maple akaenda, na baadaye aliandika wazi kwamba uamuzi ule ulimgharimu. Hapo ndipo aliponiteka. Wanahistoria wengi tunawashitaki wafu tu; yeye alijishitaki mwenyewe. Hata Dar ya Mwingereza klabu zilifuata rangi na jumuiya. Babu yangu angeingia humu Gymkhana kwa mlango wa jikoni.

Mwaka 1932 alihamia Uingereza, na 1938 akatoa The Black Jacobins, historia ya watumwa wa Haiti waliojikomboa na kuyashinda majeshi ya Napoleon.

Jua lilipokuwa kali nikapanda mwendokasi. Kuhusu kubanana mle sina la kuongeza, kila mkazi wa mji huu analijua. Ubungo nikadandia daladala la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani.

Ukumbi wa Nkrumah unaufahamu hata kama hujafika Mlimani: paa lake lililopinda kama tandiko la punda lilikuwa kwenye noti ya mia tano, kabla haijawa sarafu. Juni 1974 Chuo hiki kilipokea Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika. James alikuwa miongoni mwa waliolipigania lifanyike. Aliisifu Tanzania ya Azimio la Arusha, na Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana aliyefundisha hapa, alikuwa amekaa kwenye darasa lake la kujisomea kule London. Lakini vyama vya upinzani vya Karibi vilipozuiwa kushiriki, mzee yule wa miaka 73 akagoma kuja.

Nilikuwa nimekaa ngazini nikilifikiria hilo, mlinzi akanisogelea.

"Shikamoo, mwalimu. Unamsubiri nani?"

"Marahaba. Kuna mtu alitakiwa afike hapa mwaka 1974, hakuja."

Akanitazama, kisha akautazama mlango uliofungwa. "Basi leo hatuna kikao. Jaribu Jumatatu."