Pancha ya tairi la nyuma la pikipiki kwenye rimu ya spoki

Kabla ya kupaka gundi, angalia tundu liko upande gani wa tyubu. Likiwa upande wa nje, tafuta msumari au mwiba. Pitisha kitambaa ndani ya tairi, si kidole. Likiwa upande wa ndani, kagua utepe wa rimu, ule unaofunika ncha za spoki: ukichanika au kusogea, ncha za spoki hutoboa tyubu, na kiraka kipya hakifiki mbali. Ncha iliyochomoza ipigwe tupa. Matundu mawili yaliyokaribiana? Mara nyingi tyubu imebanwa na vyuma vya kufungulia tairi.

Unaporudisha, tia tyubu upepo kidogo ishike umbo. Malizia kuingiza tairi kwenye valvu, ukingo wa tairi ulio mkabala na valvu ukiwa umezama katikati ya rimu. Valvu ikilala, usiendeshe, itachanika shinani. Ukishafunga gurudumu, cheni icheze juu na chini sentimita 2 hadi 3.